Kundi Hulelewa na Kazi

Wahenga walinena kwamba ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Usemi huu huthibitika kila mwaka vyuoni: mwanafunzi mgeni hufika leo, na kesho amekwisha jiunga na wenzake wa lugha moja, dini moja au kaunti moja. Hilo si kosa, kwani mgeni huhitaji wenyeji. Hatari huanza pale kundi lililozaliwa kwa kufanana linapogeuka kuwa kambi ya kugawia kura na vyeo.

Chuo kilichoko Tudor, Mombasa, kinatufunza njia nyingine. Mashauriano ya kukiasisi, yaliyoanza mwaka 1948, yaliwakutanisha Aga Khan, Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya Uingereza. Hawakuwa wa madhehebu moja. Kilichowaunganisha ni kazi: kuwapatia vijana wa Kiislamu elimu ya ufundi. Mwaka 1966 chuo kikabadilishwa jina. Tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na vijana wa kila dini husomea humo.

Basi walimu wasiwaachie wanafunzi kujichagulia makundi kila mara. Wawachanganye, kila mmoja apewe jukumu lake na aulizwe mwenyewe alilolitenda. La sivyo, mmoja atatoa jasho na watano watapokea alama. Nao wanafunzi, wapigapo kura, wamwulize mgombea atafanya nini, si kwao ni wapi. Kufanana hulizaa kundi, lakini kazi ndiyo hulilea.