Urasimu Usimnyime Kijana Mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupima uhitaji wa mwombaji kwa vielelezo. Yatima asiyeambatisha cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa na RITA au mamlaka ya Zanzibar, huonekana katika maombi kama mwenye wazazi wote wawili.

Kwa hiyo walimu hawana budi kuwahimiza vijana wasome mwongozo, wahakiki vyeti mapema na kusawazisha majina yanayotofautiana. Nao watumishi wa mitaa na vijiji watie sahihi na mihuri bila ajizi. Ofisa asemaye “njoo kesho” huku muda wa maombi ukiyoyoma, anamfungia mtoto wa mkulima mlango wa chuo.