Kivu: Udaktari wa jiografia huanzia kwenye matope ya Kalehe, vita vinaukwamisha njiani

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, mvua kubwa ilishusha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, mkoani Kivu kusini. Zaidi ya watu 400 walifariki. Viongozi walifika, misaada ikagawiwa, kisha magari yakarudi Bukavu. Swali lililobaki ni la jiografia: mawe yale yalitoka upande gani wa mlima, na mvua nyingine yatapitia wapi?

Kulijibu kunataka mtu wa kupanda vilima vile miaka kadhaa, akipima mteremko, udongo na mvua. Mara nyingi mtu huyo ni asistanti wa chuo kikuu anayetafuta udaktari wa jiografia na sayansi ya mazingira. Wapo jirani wanaomcheka, wakidhani jiografia ni kukariri majina ya mito na miji mikuu.

Kwenye karatasi, njia yake ni fupi. Mfumo wa LMD, ulioingizwa na sheria ya elimu ya Februari 2014, unahesabu miaka 3 ya lisanse, 2 ya masta na 3 ya udaktari. Waasistanti wa Goma na Bukavu wanajua hesabu nyingine. Maprofesa wa kuwasimamia ni wachache huku mashariki, hivyo wengi hujiandikisha Kinshasa, Lubumbashi ama Kisangani, ama hutafuta buruse ya Ubelgiji. Hata kumbukumbu za vilima vyetu ziko huko: makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yanahifadhi maelfu ya picha zilizopigwa kutoka ndegeni wakati wa ukoloni. Anayetaka kujua msitu ulifika wapi kabla ya mashamba huanzia hapo.

Na kazi hiyo inazaa matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu eneo la Kivu na kaskazini mwa ziwa Tanganyika ulionyesha kwamba msitu ukikatwa kwenye mteremko, udongo unaobebwa na maporomoko huongezeka mara 2 hadi 8, kwa muda wa miaka 15 hivi. Maana yake, shamba lililofunguliwa leo linaweza kumwangukia mtoto ambaye hajazaliwa bado. Mkulima wa Kalehe ana haki ya kuambiwa hivyo, kwa lugha anayoisikia, kabla hajachukua panga.

Sasa vita vimekata njia hiyo pande zote mbili. Kundi la M23 liliteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, na Goma mabenki yakafunga milango. Asistanti anayetakiwa Kinshasa mbele ya maprofesa analazimika kuzunguka kwa nchi jirani, kwa pesa ambazo hana. Na kule vilimani, kipimo cha mvua kisichosomwa msimu huu hakitasomwa tena: data hiyo imepotea milele.

Wengine husema satelaiti zinatosha. Ni kweli zinasaidia, picha nyingi ni za bure, na zile za rada hupenya hata mawingu ya Kivu. Lakini satelaiti huonyesha kovu la mlima tu. Haijui maji yalianza kuvuma saa ngapi, wala kama kijito kiliwahi kuhama zamani. Hayo anayajua mzee wa kijiji, na lazima mtu aende kumwuliza.

Kwa maoni yetu, kuna mambo ambayo hayasubiri vita viishe. Miezi ya vita isihesabiwe katika muda wa masomo wa watafiti hawa, wala wasinyimwe kupanda cheo kwa sababu yake. Mtihani wa mwisho mbele ya maprofesa ufanyike kwa njia ya video pale barabara inapokuwa imefungwa. Picha za Tervuren zinazohusu Kivu zifike katika vyuo vya Bukavu na Goma, bila mtu kuomba viza kwanza.

Ramani ya maporomoko nayo, ikimalizika, nakala ya kwanza ipelekwe kwa chifu wa kijiji. Kalehe, raia wanahitaji kujua wajenge wapi, na mvua hurudi kila Septemba.