Bima ya nyumba isingoje moto
Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, ikaua watu, ikajeruhi mamia na kuteketeza nyumba na mali. Wenye nyumba wa Buruburu, Umoja na Donholm, wakiwamo walimu, hawana budi kuzisoma upya hati zao za bima. Nyumba iliyoongezwa vyumba thamani yake imepanda. Ikiwa ni ya shilingi milioni 4, nawe umeikatia bima ya milioni 2, hasara ya milioni 1 kwa kawaida hufidiwa nusu tu. Mpangaji naye akumbuke kwamba bima ya mwenye nyumba hulinda jengo, si vitabu wala vitanda vyake. Tahadhari kabla ya hatari. Majivu hayakatiwi bima.