Musaka, Majimbi na Uongo wa Neno "Halisi"

Naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa nasoma London, nilijipa kazi ya kutafuta mgahawa wa Kigiriki "halisi". Nikaingia kwenye kimgahawa cha kaskazini mwa jiji: meza sita, televisheni ukutani, mama mtu mzima jikoni. Nikaletewa nini? Majimbi! Majimbi haya haya ya kwa bibi, yamepikwa kwa nyama ya nguruwe na nyanya. Nilicheka. Usiku ule nikaandika kwenye tovuti moja ya wateja kwamba pale hapana Ugiriki wowote, nikatoa nyota moja, nikalala usingizi mzuri.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Yule mama alitoka Kupro, na Wagiriki wa Kupro wanakula majimbi miaka nenda miaka rudi, wanayaita kolokasi. Tena migahawa mingi ya London inayoitwa ya Kigiriki ilifunguliwa na watu wa kisiwa hicho. Wengine walikuja kutafuta kazi, wengine wakikimbia vita vya 1974. Mimi, niliyeijua Ugiriki kwa picha za kuta nyeupe na bahari ya bluu, ndiye niliyejifanya hakimu.

Tangu hapo sina subira na mhakiki anayeandika "halisi" halafu akaweka nukta, kana kwamba amesema kitu. Halisi ya nani? Ya mwaka gani?

Chukua musaka, chakula ambacho watalii wengi hukiona ndicho Ugiriki wenyewe. Ule mchuzi mzito mweupe wa maziwa unaoifunika juu ni wa Kifaransa. Aliyeueneza ni Nikolaos Tselementes, mpishi wa kisiwa cha Sifnos aliyejifunza kazi Vienna na kufanya kazi New York, na ambaye kitabu chake cha mapishi kilipata umaarufu katika miaka ya 1920. Cha kuchekesha ni kwamba Tselementes aliamini anausafisha upishi wa Kigiriki, anauondolea Uturuki. Alitafuta uhalisi kwa bidii, akaishia Paris!

Na nyanya je? Zilitoka Amerika. Plato alikufa bila kuonja hata moja. Saladi ya Kigiriki unayoiagiza kwa kujiamini ingemshangaza kama vile ugali wa mahindi ungewashangaza mababu zetu wa kale. Kisha kuna soutzoukakia, zile kababu ndefu zenye jira, zinazohusishwa na Smirna. Mapishi ya huko yalifika Athens na Thessaloniki pamoja na wakimbizi zaidi ya milioni moja waliotoka Asia Ndogo baada ya vita vya 1922. Wenyeji wengi waliwaita wageni, wakawabeza kwamba si Wagiriki kamili. Leo chakula chao kinapigiwa picha kama urithi wa taifa.

Najua mtaniuliza: kwa hiyo kila kitu ni sawa tu, hata mtu akitupikia upuuzi? Hapana. Chakula kibaya ni kibaya, na uongo ni uongo. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilithibitisha kwamba jina feta ni la jibini ya Ugiriki, na kanuni zake zinataka maziwa ya kondoo, au ya kondoo yakichanganywa na kiasi cha ya mbuzi. Mgahawa wa Ulaya ukiniwekea jibini ya ng'ombe na kuiita feta, nitausema hadharani. Hapo nina hoja, kwa sababu nina kitu cha kupima. Lakini "si halisi" haipimi kitu. Inampima mpishi kwa ndoto ya mteja.

Sisi wasomaji tungepaswa kulijua hili mapema. Ni mara ngapi riwaya ya mwandishi wetu imeambiwa haina "Uafrika wa kutosha" kwa kuwa wahusika wake wanapanda lifti? Tunakasirika, na ni haki yetu. Kisha tunakaa mezani kwa mtu aliyehama kwao na kumfanyia vilevile.

Nilirudi pale miezi kadhaa baadaye, nikitaka kuomba radhi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Santorini. Kwenye orodha, musaka ilikuwa ya kwanza. Majimbi hayakuwepo. Nilipomuuliza, yule mama alijibu bila hasira kwamba wateja walisema si ya Kigiriki, siku hizi anayapika nyumbani tu.

Sikuthubutu kumwambia mmoja wa wateja hao ni mimi. Nilikula musaka yake, nikailipia. Maoni yangu nimeshayafuta, lakini majimbi hayajarudi.