Simu kwenye rolakosta: ikikuponyoka, atakayeumia si lazima awe wewe

Kila likizo kubwa, simu zetu hapa mashariki mwa Kongo zinajaa video za ndugu walioko Bulaya na Amerika. Kuna za harusi, kuna za ubatizo, na kuna zile za kwenye bustani za michezo: kijana amefungwa kwenye kiti, treni inapanda pole pole, halafu inaporomoka, watu wote wanapiga kelele, picha inatikisika hata usijue mbingu ni wapi na chini ni wapi. Video inafika katika kikundi cha familia na sisi tunaijibu kwa vicheko na dole gumba.

Mimi naona tungepaswa kuijibu kwa swali moja: hiyo simu ulikuwa umeishika na nini?

Hizo treni, wanaosema Kifaransa wanaziita montagnes russes. Wengi siku hizi wanasema rolakosta. Huku kwetu hatuna hata moja, lakini watoto wetu, wadogo zetu na shemeji zetu wanazipanda kila mwaka. Wengi wao wanaishi Ubelgiji. Hapo Wavre, si mbali na Bruxelles, kuna bustani inayoitwa Walibi, na tangu 2021 ina rolakosta inayoitwa Kondaa. Ina urefu wa mita 50 kwenda juu, na mwendo wake unafika kilomita 113 kwa saa.

Tuchukue hizo namba tuzifanyie hesabu ya shule. Simu ya kawaida ya leo ina uzito wa karibu gramu 200. Mfukoni si kitu. Lakini ikienda kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa, nguvu iliyo nayo ni sawa na ya nyundo ya kilo moja iliyoangushwa kutoka mita 10, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Hakuna fundi wa ujenzi anayekubali kusimama chini ya nyundo kama hiyo bila kofia. Abiria wa rolakosta na watu wanaopita chini yake hawana kofia.

Wengine watasema: "Mimi nina mkono wenye nguvu, simu yangu haiwezi kuanguka." Shida ni kwamba mkono haufanyi kazi peke yake. Treni ikifika juu ya kilima na kuanza kushuka, mwili unanyanyuka kutoka kwenye kiti kana kwamba umepoteza uzito, na simu vilevile. Sekunde mbili baadaye, chini ya bonde, kila kitu kinakuwa kizito mara tatu au nne: simu ya gramu 200 inavuta vidole kama kitu cha gramu 600 au 800. Kisha inakuja kona, na inavutwa upande. Vidole vinne juu ya kioo laini, vyenye jasho la woga, haviwezi kufuata mabadiliko hayo yote. Na aliyeinama kutazama kioo haoni kona inakuja, kwa hiyo hata shingo yake haijajiandaa.

Mnamo 2019, video moja ilizunguka dunia nzima. Ilitoka Hispania, katika bustani ya PortAventura, kwenye rolakosta inayoitwa Shambhala, yenye kimo cha mita 76 na mwendo wa kilomita 134 kwa saa. Abiria mmoja aliponyokwa na simu yake. Mwanaume kutoka New Zealand, aliyekaa nyuma yake, alinyoosha mkono na kuidaka hewani. Watu walishangilia, magazeti yakamwita shujaa, na kweli alikuwa na mkono mwepesi. Lakini tujiulize kitu ambacho wachache walikiuliza siku ile: kama asingeidaka, ingeenda wapi? Ilikuwa inaelekea kwa watu waliokaa nyuma. Tulipewa habari ya bahati, na sisi tukaisoma kama habari ya ustadi.

Mara nyingine bahati haikuwepo. Mwaka 2011, huko Orlando, Marekani, katika bustani ya Universal, kulikuwa na rolakosta mbili zilizopishana karibu sana, zikiitwa Dragon Challenge. Mwanaume mmoja aliyekuwa amepanda alipigwa usoni na kitu kilichokuwa kikiruka hewani, akapoteza jicho. Mwaka huohuo wenye bustani wakaacha kuziachia treni hizo mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 waliongeza mashine za kupima chuma mlangoni, kama zile za uwanja wa ndege, ili asiingie mtu mwenye simu, funguo au sarafu mfukoni. Ndiyo kusema waliokuwa wakiiendesha mashine hiyo kila siku waliona kwamba kibao cha "tafadhali weka vitu vyako salama" hakitoshi.

Mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Agosti, katika bustani ya Cedar Point, jimbo la Ohio, mwanaume mmoja aliangusha vitu vyake alipokuwa kwenye rolakosta inayoitwa Raptor, simu ikiwemo. Aliposhuka, aliruka uzio na kuingia eneo lililokatazwa ili avitafute. Raptor ni treni inayoning'inia chini ya reli, miguu ya abiria ikiwa hewani, na inapita kwa karibu kilomita 90 kwa saa. Ilimgonga, akafa. Alikuwa na miaka 45. Simu inanunuliwa tena, hata kama ni kwa kuikopea. Lakini ukishaiona imeanguka pale, hatua chache tu kutoka kwako, akili inakuambia "nitaingia haraka, nitoke". Ndiyo maana ni bora isipande kabisa.

Kuna pia fimbo za selfi. Mafundi wanaotengeneza rolakosta wanapima nafasi kati ya abiria na nguzo kwa kufuata mkono wa mtu ulionyooshwa. Mtu akirefusha mkono wake kwa fimbo, hesabu ya fundi inaharibika. Fimbo ikigonga nguzo, inaweza kurudi usoni mwake au mwa jirani yake. Mwezi wa Juni 2015, huko California, treni iliyoitwa wakati huo California Screamin' ilisimamishwa kwa sababu abiria alichomoa fimbo ya aina hiyo, na watu walingoja muda mrefu. Siku chache baadaye Disney ilipiga marufuku fimbo za selfi katika bustani zake za Marekani, kisha Paris na Hong Kong. Ndugu zetu wa Ufaransa wanaokwenda Disneyland Paris, hiyo sheria ni yao pia.

Najua neno ambalo vijana watanijibu: "Nimelipa tiketi, simu ni yangu, na kama itavunjika ni hasara yangu." Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya mwisho si kweli. Simu ni yako ikiwa mkononi mwako. Ikishatoka hapo, inakuwa hatari ya mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto wake, au ya mzee anayepita chini na barafu yake mkononi. Hao hawakukubaliana na wewe juu ya hiyo video. Nao wamelipa tiketi.

Jibu lingine ni hili: "Mbona kwenye intaneti kuna video nzuri za rolakosta zilizopigwa ndani kabisa?" Nyingi ya hizo zimepigwa kwa ruhusa ya wenye bustani, kamera ikiwa imefungwa imara kwenye treni, mara nyingi kabla ya wageni kuingia. Kijana anaona matokeo, haoni bolti zilizoshika kamera. Anataka kufanya vilevile kwa vidole vitano.

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Kuna bustani zinazokataza simu kwa maandishi, halafu kasha la kuifungia linalipishwa. Ukimwambia mtu mwenye watoto wanne alipe tena kwa kila mchezo, unamfundisha kuficha simu ndani ya soksi. Anayekataza simu lazima atoe mahali pa kuiacha bila malipo, na lazima aweke mfanyakazi wa kuangalia mikono kabla treni haijaondoka. Treni ikishaondoka, hata msimamizi mkali anaweza tu kuisimamisha au kupaza sauti kwenye kipaza sauti.

Sasa msomaji wa Butembo, Bunia au Kalemie ataniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi ambao treni yetu ni moto? Yanatuhusu sana. Abiria wa moto anayepiga video ya safari kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika mfuko wa unga, yuko katika hali ileile, tena bila mkanda na bila reli. Motari aliyebana simu kati ya kofia na sikio, akiongea na mteja anayemngoja, anaongoza kwa shingo iliyopinda. Simu ikianguka, anaigeukia. Kila mmoja wetu amewahi kuona mtu anasimamisha moto katikati ya barabara na kurudi mbio kuokota simu mbele ya lori. Ni Ohio ileile, bila uzio.

Tofauti ni kwamba pale mlangoni mwa rolakosta kuna mtu anayekuambia: "Simu, weka hapa." Kwetu hayupo. Kanuni yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambapo hakuna Mkongo aliyekuwa na simu mfukoni. Polisi wa barabarani anaangalia zaidi karatasi kuliko sikio la dereva. Kwa hiyo kazi ya yule mtu wa mlangoni inabaki kwa abiria. Ukipanda moto na motari akapokea simu, mguse bega, mwambie: "Ndugu, simama kwanza uongee, mimi nitangoja." Hakuna motari anayeweza kukukasirikia kwa sababu umemwomba mfike wote wawili. Vyama vya motari, vyenye viongozi katika kila parking, vingeweza kuifanya iwe kanuni yao bila kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa.

Na kwa wale wa Bulaya na Amerika, familia ina nguvu kuliko kibao chochote. Vijana wanapiga hizo video kwa ajili yetu, ili tuone wako wazima na wanafurahi. Tuwaambie kwamba tunataka picha yao wakiwa wamesimama mbele ya mlango, nywele zikiwa zimechanwa, na nyingine baada ya kushuka, nywele zikiwa zimetawanyika. Bustani nyingi zina kamera zao zilizofungwa kwenye nguzo, zinapiga picha ya kila treni, na mwishoni unaweza kuinunua. Au mmoja abaki chini, apige wenzake kutoka kwenye uzio, halafu wabadilishane.

Video nyingine ikifika wiki hii katika kikundi chenu, ya mtu anayeshika simu kwa mkono mmoja huku treni inaporomoka, msitume dole gumba. Shangazi au mjomba mmoja aandike tu: "Mwanangu, tumefurahi kukuona. Mara nyingine, simu ibaki kwenye kasha." Atacheka, lakini atakumbuka.