Simu ya Mwalimu Huko Kariakoo

Daftari la mahudhurio twalifungia kabatini, na ufunguo hukaa kwa mwalimu mkuu. Lakini majina yale yale, picha za watoto na namba za wazazi wao, vyote vimo katika simu ya mwalimu. Nayo ikiharibika hupelekwa Kariakoo, ikaachwa mezani kwa fundi pamoja na namba yake ya siri! Wako wasemao, “Ni simu yangu.” Kweli, simu ni yako, na watoto je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, wala haikumtenga mwalimu. Nchini Kenya, mwaka 2023, shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wazee wa kamati, inunulieni shule simu yake, ikae katika kabati lile lile.