Wageni wanaokuja na mbwa pwani zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona la kuchekesha, lakini kwa sisi wakazi wa Pemba halichekeshi hata kidogo. Jambo lenyewe ni wageni wanaotaka kuja kupumzika pwani zetu wakifuatana na mbwa wao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtambile. Kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka nilipata barua kutoka kwa rafiki yangu tuliyesoma pamoja chuo cha ualimu, ambaye sasa anafanya kazi Tanga. Aliniomba nimtafutie mahali pa kufikia yeye, mkewe na watoto wao wawili kwa muda wa siku kumi. Alisema watoto wanataka bahari, mkewe anataka kuona misitu, na yeye mwenyewe anataka pweza wa nazi ambaye nilikuwa nikimsifia tangu tukiwa bwenini. Mwisho wa barua akaongeza mstari mmoja: "Na Simba tutakuja naye, hatuna wa kumwachia." Simba ni mbwa wao.

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Huyu bwana hakujua ameniomba nini.

Kwanza nilikwenda kuulizia vyumba. Nyumba ya wageni ya kwanza mwenyewe alinipa bei nzuri, akaniuliza idadi ya watu, na nilipomtajia mbwa akaniambia kwa adabu kwamba vyumba vyote vimejaa. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Simlaumu yeyote. Nyumba zile wanalala watu wanaosali, na katika madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, ambayo chombo au nguo iliyopatwa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye nyumba atawaambiaje wateja wake wa kesho kwamba mkeka huu alilalia mbwa jana? Hatimaye shangazi yangu alikubali kutupatia nyumba yake ya shamba, kwa sharti kwamba Simba alale katika banda la mbuzi, ambalo wakati huo lilikuwa tupu, na asikanyage baraza.

Lakini Ndugu Mhariri, najisi huoshwa ikaisha. Kuna jambo jingine ambalo likishaingia mwilini halioshwi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu mgeni kazini. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la pili aling'atwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe alipokuwa akirudi kutoka chuoni kusoma Kurani. Jirani mmoja akaleta pilipili ya kusaga apakwe kwenye jeraha. Bahati njema mama yake alikataa, akamkalisha mtoto penye mfereji na kumwosha kwa sabuni muda mrefu, kisha akampeleka hospitali. Dawa ya sindano haikupatikana siku ile, na baba yake alihangaika huku na huko mpaka ikapatikana. Mtoto yule alipona. Mbwa yule alikufa siku ya tatu huku akitokwa na mate na kuuma hata miti. Mpaka leo nikisikia mbwa akibweka wakati wa mapumziko ya saa nne, natoka darasani kwenda kutazama.

Watu wengi wamesahau kwamba kisiwa chetu kilipigana na kichaa cha mbwa mara mbili katika miaka michache. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walifuatilia ugonjwa huu hapa Pemba tangu 2010 hadi 2020, wakatoa matokeo yao mwaka 2023. Walionyesha kwamba mbwa walipochanjwa kila mwaka kisiwa kizima, ugonjwa ulipungua hadi ukatoweka mwaka 2014. Baadaye kazi ya kuchanja ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena, na uchunguzi wa vijidudu vyenyewe ukathibitisha kwamba uliingia kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, ukatokomezwa tena Oktoba 2018. Mwanafunzi wangu aling'atwa katikati ya kipindi hicho.

Sasa nauliza: uliingiaje? Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita hamsini hivi na kina cha kutisha, na hakuna mbwa anayeuvuka kwa kuogelea. Kama ni mbwa aliyeuleta, basi alipandishwa chomboni na mtu, akashushwa na mtu, na pengine alionekana mzima wa afya, kwa sababu ugonjwa huu hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kujionyesha. Ukishajionyesha, awe mbwa awe mtu, tiba hakuna.

Kwa hiyo nilimwandikia rafiki yangu nikamwambia wazi kwamba Simba hatapanda chombo mpaka achanjwe, tena si siku ya safari, maana chanjo huhitaji wiki kadhaa ili ifanye kazi. Nilimtaka pia aende ofisi ya mifugo akaulize hati zinazotakiwa kwa mnyama anayevushwa kuja Zanzibar. Aliona namsumbua, lakini alifanya yote. Kilichonisikitisha ni kwamba safari nzima, tangu alipopandia hadi aliposhukia, hakuna hata mtu mmoja aliyemwomba vile vyeti. Alivitoa mwenyewe mfukoni kunionyesha mimi, kana kwamba mimi ndiye afisa.

Nisije nikaeleweka kwamba napinga wageni wa namna hii. La hasha. Familia ile ilifurahi mno, nasi tulifurahi nao. Asubuhi tulikuwa tukienda pwani ya Wambaa, ambako mchanga ni mweupe na jua la asubuhi halijawa kali. Jioni shangazi aliwapikia pweza wa nazi, muhogo, changu wa kuchoma na mkate wa ufuta. Siku moja tulikwenda Kengeja kwa jamaa zangu, watoto wakasimuliwa habari za mchezo wa ng'ombe mpaka wakakataa kulala. Shokishoki zilikuwa zimeanza kuiva, na yule mtoto mdogo alikula nyingi hata tukaingiwa na hofu. Fedha aliyotumia rafiki yangu kwa samaki, matunda, gari na mashua ilibaki kwa watu wa hapa hapa vijijini.

Tatizo lilizuka siku ya tatu. Pwani zetu zinaitwa za kupumzikia na wale wasiofanya kazi hapo. Maji yakipwa, akina mama hushuka kwenye mwani wao na wengine huchokoa pweza na chaza. Wavuvi huanika nyavu, na dagaa hutandazwa juani. Pwani ni shamba, na hakuna mtu anayemfungulia mbwa katika shamba la mwenzake akakaa kutazama. Mtoto wa rafiki yangu alimfungua Simba kamba ili akimbie. Naye akakimbia kweli! Alipita juu ya dagaa wa watu, akaingia majini, akatoka, akaenda kujikung'uta maji mbele ya mzee mmoja aliyekuwa amevaa kanzu yake safi akingoja mashua ya kwenda mazikoni.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee yule hakupiga kelele. Aliitazama kanzu yake, kisha akaniita: "Mwalimu, huyu mwanafunzi wako wa miguu minne yuko darasa la ngapi?" Rafiki yangu alikwenda kumwomba radhi, akamshika mkono na kumwita shikamoo babu. Mwenye dagaa alilipwa. Nilikimbia nyumbani nikamletea mzee kanzu yangu, ambayo ilimpwaya mabegani, akaenda nayo mazikoni. Tangu siku ile Simba hakutoka bila kamba, na pwani tulimpeleka alfajiri tu, maji yakiwa yamejaa, wakati hakuna mtu kwenye mwani.

Misali sikukubali aende. Wao walikwenda, Simba akabaki kwenye banda na mpwa wangu akilipwa kumtazama. Kisiwa kile kimehifadhiwa tangu 1998, na kasa hupanda mchangani kutaga mayai. Mbwa ana pua ya kunusa na kucha za kufukua, na hatuwezi kumweleza habari za uhifadhi akatuelewa. Msitu wa Ngezi pia walikwenda bila yeye. Mle kuna ndege na wanyama wadogo wasiomzoea mbwa, na kuna wale popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani pengine popote duniani. Mke wa rafiki yangu alinuna kidogo, lakini alipowaona popo wale wakiruka jua likizama, alisahau.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wenzangu wa Pemba, maana si haki kumsema mgeni peke yake. Tuna mbwa wetu wenyewe. Wapo wa wasasi wanaowinda nguruwe mwitu, na wapo wa wakulima wanaolinda mihogo na mahindi yasiliwe na tumbili. Je, ni wangapi kati yao waliochanjwa mwaka huu? Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwenye mbwa akisikia bwana mifugo anakuja, utamsikia akisema mbwa si wake, ni wa kijiji. Lakini siku ya kusasa anamwita kwa jina naye anakuja.

Vile vile watoto wetu wanafikiri kwamba kwa kuwa mbwa ni najisi basi kumpiga mawe ni thawabu. Simba alirushiwa mawe mara nne katika siku kumi, na wawili kati ya warushaji nawafundisha mwenyewe hesabu. Mbwa anayepigwa mawe ndiye anayeuma. Nikawauliza darasani kama wanazijua habari za mbwa wa Watu wa Pangoni waliotajwa katika Kurani, na za yule mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wote walizijua. Chuoni wamezisoma vizuri, lakini njiani hawazikumbuki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ya wanaong'atwa ni watoto wa umri wa kwenda shule. Kwa sababu hiyo naona shule zetu zina kazi ya kufanya. Kila mtoto afundishwe kwamba aking'atwa au akiparuzwa asifiche kwa kuogopa kupigwa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo kama la sindano. Pilipili, mafuta ya taa na unga wa kahawa vibaki jikoni.

Kwa viongozi wanaohusika nina maombi machache. Katika bandari zetu zote, na kwenye madiko pia maana si kila chombo hufunga bandarini, awepo mtu wa kutazama cheti cha chanjo cha kila mbwa anayeshushwa, na asiye nacho arudishwe na chombo kilichomleta. Watu wa nyumba za wageni na wenye mashua wapewe karatasi ya Kiswahili na ya lugha za wageni inayoeleza kwamba hapa mbwa hufungwa kamba, haingizwi nyumbani kwa watu wala karibu na misikiti, wala hapelekwi mahali kasa wanapotaga. Mgeni akiambiwa mapema hukubali. Anayeambiwa baada ya kosa ndiye anayeona amechukiwa. Na ile kazi ya kuchanja mbwa kisiwa kizima ifanywe kila mwaka, ugonjwa uwepo au usiwepo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na viwanja vya shule vipo. Mimi niko tayari kuandikisha majina ya mbwa na ya wenyewe bila malipo.

Rafiki yangu ameniandikia kwamba mwakani wanataka kuja tena, na kwamba mtoto wake anauliza hali ya yule babu wa kanzu. Babu hajambo, naye kila tukikutana huniuliza mwanafunzi wangu amefaulu kuingia darasa la ngapi. Nimemjibu rafiki yangu kwamba nyumba ya shangazi ipo na banda la mbuzi lipo, ila cheti cha mwaka mpya nikione kwanza kabla hajakata tiketi.

Mwalimu,
Mtambile, Pemba.